Kipande cha bakelaiti chini ya kabureta ya 2F: kinunuliwe, lakini si cha alumini

Kwenye Land Cruiser FJ40 na FJ45 za injini ya 2F (silinda 6, lita 4.2), maniforodi (mabomba ya matawi) ya hewa na ya eksozi ziko upande mmoja, na kabureta imekaa juu yake. Ukizima gari likiwa la moto, feni na maji husimama, joto la eksozi hupanda, na petroli huchemka kwenye bakuli la boya, yaani chombo kidogo cha petroli ndani ya kabureta. Inayofurika humiminikia ndani ya injini, ndiyo maana ukirudi baada ya robo saa unakuta harufu kali na gari haliwaki. Hapo kanyaga mafuta hadi chini, usipampu, kisha piga stata.

Kipande cha bakelaiti, chenye unene wa milimita 12 hivi, hukaa kati ya kabureta na maniforodi, na hupunguza sana tatizo hilo kwa sababu bakelaiti, aina ya plastiki ngumu, haipitishi joto kirahisi. Vya alumini vinavyouzwa kando yake vinapendeza macho tu. Alumini hubeba joto na kulifikisha kwenye kabureta. Pesa iliyobaki nunua bati la kukinga joto, likae chini ya kabureta na kufunika eksozi.

Kabla ya kufunga, kagua kilango cha joto ndani ya maniforodi ya eksozi, kinachoelekeza moshi kupasha maniforodi ya hewa injini ikiwa baridi. Kikiganda kwa kutu kikiwa upande wa kupasha, moshi wa moto hupigwa moja kwa moja chini ya kabureta, na hakuna kipande kitakachookoa hali. Kilainishe hadi kizunguke kwa mkono.

Stadi (vyuma vyenye uzi vinavyoshika kabureta) za zamani zitakuwa fupi, kwa hiyo tafuta ndefu za uzi uleule. Nati lazima ishike uzi wake wote. Weka gasketi mpya juu na chini, usipake silikoni, petroli huiharibu. Kaza kwa kupokezana, kidogo kidogo: ukizidisha, bakelaiti hupasuka au kitako cha kabureta hupinda, kisha injini huvuta hewa pembeni na kutetemeka. Nyunyiza maji kwenye maungio injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, hapo panavuja. Rekebisha pia fito za eksilereta, kwa kuwa kabureta imepanda, na hakikisha boneti haigusi kifuniko cha chujio cha hewa.

Gari likizimika mwendoni kwenye mlima, usilaumu kipande. Huenda bomba la petroli linapita karibu na eksozi na mafuta yanageuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta. Lisogeze au livishe kinga ya joto.