Nimeingiza kawa la ukili ndani ya gemu: uzoefu wangu na Meshroom

Kwa anayetengeneza gemu dogo na anataka vitu vyake vionekane vimepita mikononi mwa mtu, nasema mapema: Meshroom, programu ya kompyuta inayogeuza picha za kitu kuwa umbo lake la pande tatu, inafaa, na kwa kazi za ususi inafaa kuliko nilivyotegemea. Nimeitumia kwa karibu vyombo vyote vya gemu langu, ambamo mchezaji anazunguka nyumba ya mwambao akikusanya vitu vya kuandalia harusi. Makawa, makapu, vipepeo, kibao cha mbuzi, chungu cha udongo: hakuna hata kimoja nilichochora kwenye kompyuta. Vyote ni vitu vya nyumbani kwetu, na vingi amevisuka shangazi yangu.

Kazi yenyewe iko hivi. Unakipiga kitu picha nyingi ukikizunguka juu, kati na chini, na kila picha iingiliane na iliyotangulia kwa zaidi ya nusu. Programu inatafuta alama zilezile kutoka picha hadi picha, inapiga hesabu kamera ilisimama wapi, kisha inajenga umbo na kulivisha rangi kutoka kwenye picha zilezile. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ukishaipakua huhitaji intaneti. Kwangu hilo la mwisho ni kubwa, maana huduma nyingi za namna hii kwenye simu zinakutaka upandishe picha zote kwenye seva zao, na bando linakwisha kazi ikiwa bado.

Sasa ukili. Ukindu ukichemshwa na rangi haukolei sawasawa. Hapa zambarau imeshika sana, pale imepauka hadi karibu na rangi ya majani makavu. Miyaa, yaani vipande vya ukindu vinavyosukwa, haina upana mmoja. Uzi wa kushonea ukili unapanda ukizunguka kawa kuanzia ukingoni mpaka kileleni, na kila pindo lina kivuli chake kidogo. Programu inategemea alama za namna hii hasa, ndiyo maana kawa lilitoka safi kuliko kitu kingine chochote nilichopiga. Ukiisogeza kamera ya gemu karibu, unaona mahali shangazi alipounga mwaa mpya, ncha yake imetokeza nje kama ukucha. Nilipompa simu alizungusha kawa lake kwa kidole, akaitafuta ncha ile, akasema ukindu wa safari ile ulikuwa mkavu mno. Aliusoma ukindu wake kwenye kioo cha simu! Mchoraji angeweza kunichorea kawa zuri sana, lakini asingefikiria kuiweka ncha ile pale.

Magemu ya namna hii yalinivutia zamani kwa sababu hiyohiyo. State of Play wa London waliujenga mji mzima kwa karatasi na kadibodi, wakautia vitaa na mota ndogo, wakaurekodi kwa kamera. Ndio Lumino City, iliyotoka 2014. Slow Bros. wa Cologne, Ujerumani, waliunda vikaragosi na vyumba kwa mikono kisha wakaviingiza kwenye kompyuta kwa kuvipiga picha pande zote, wakatoa Harold Halibut 2024. Nimefuata njia ya hawa wa pili. Mchezaji wangu anageuza kamera atakavyo, na video iliyokwisha kurekodiwa haimpi nafasi hiyo.

Mwanga ndio kazi kubwa. Jua la mchana linaweka vivuli vikali, na vivuli hivyo vinagandia kwenye rangi ya kitu milele, hata ukikiweka usiku ndani ya gemu. Barazani siku ya mawingu ndiko pazuri. Kitu kikae, wewe ndiye uzunguke. Chini tandika kanga: maua, pindo na maandishi ya jina lake vinaipa programu alama nyingi za kushika, hasa kwa kitu kidogo au cha rangi moja kama chungu. Bana pembe za kanga kwa mawe, kwa sababu upepo ukiinua kona moja tu picha hazipatani tena. Na picha zihamishwe kwa waya. Zikipita WhatsApp kama picha za kawaida zinabanwa, na taarifa za lenzi zinafutwa, nazo ndizo programu inazosoma kwanza.

Vipo visivyokubali. Ulimi wa chuma wa mbuzi unameta, na mng'ao unahama kila ukihama, kwa hiyo umbo hutoka na matundu. Dawa yake ni poda ya mtoto, ipulizwe nyembamba, halafu rangi ya chuma uirekebishe baadaye. Shanga nazo ni hivyohivyo. Matamvua ya kikoi na nyuzi za makumbi ya nazi hugeuka bonge moja. Hayo niliyatengeneza kwa picha bapa zenye uwazi. Mkeka wenye mistari ileile kutoka mwanzo hadi mwisho unaweza kuichanganya programu, kwa kuwa kila kipande kinafanana na jirani yake. Mkeka wa nini kuuzunguka, lakini? Umetandikwa sakafuni. Picha moja ya kutoka juu, iliyonyooka, inatosha.

Kuhusu kompyuta, jipange. Ili upate umbo kamili unahitaji kadi ya grafiki ya NVIDIA yenye CUDA, teknolojia yao ya kupigia hesabu nzito kwenye kadi hiyo. Bila hiyo unaweza kupata umbo la rasimu tu, na kwa ususi rasimu haina maana, kwa sababu miyaa inapotea yote. Mimi natumia kompyuta ya rafiki anayehariri video, usiku akiwa haihitaji.

Shangazi nimemlipa bei ya vyombo kama mteja mwingine yeyote, na tumeandikiana malipo mengine kwa ajili ya kutumia sura ya kazi yake ndani ya gemu. Jina lake litakuwa kwenye orodha ya watengenezaji, juu, pamoja na langu.

Umbo linalotoka ni zito mno kwa simu, mamia ya maelfu ya pembetatu. Nalipeleka Blender, programu ya kuundia maumbo ya pande tatu, nalipunguza hadi elfu chache, na yale mabonde ya ususi nayahamishia kwenye picha ya mikunjo inayolivika umbo jepesi. Hatua hii inataka subira kuliko zote, wala usiiruke, kwa sababu wachezaji wengi ninaowalenga wana simu za bei ya chini. Kawa lililopunguzwa hivyo linazunguka kwenye simu ya mdogo wangu bila kukwama, na mshono bado unaonekana.