Vaughn Monroe au Rudy Vallée, uanze na nani?

Kama unataka kuzama kwenye zile bendi kubwa za Marekani na Sinatra umeshamchoka, kuna hawa wazee wawili ambao saivi karibu hakuna anayewataja. Wote waimbaji, wote viongozi wa bendi zao wenyewe, ila sauti zao ni mbingu na ardhi.

Vallée ndo wa mwanzo, alivuma mwishoni mwa miaka ya 1920. Mpiga saksafoni, kasauti kembamba, yani ukumbini ilibidi aimbie kwenye ile koni ya kushika mkononi isiyo na umeme ndo watu wamsikie. Redio ndo ilimtoa, maana kwenye maiki huna haja ya kupiga kelele, msikilizaji yuko zake sebuleni anahisi anaimbiwa yeye peke yake, wadada walichizika kweli.

Monroe (1911–1973) alikua mpiga tarumbeta, sauti nzito ya kifuani. 1945 ndo wa kwanza kurekodi Let It Snow, ndio, hiyohiyo ya kwenye masupamaketi kila Krismasi, halafu 1949 Riders in the Sky ikakaa namba moja wiki kibao.

Me naenda na Monroe bila kufikiria mara mbili. Rekodi za Vallée zina mikwaruzo na ile sauti ya puani inachosha mapema, labda uwe unapenda historia ya redio kuliko muziki wenyewe. Ila kwa vichekesho Vallée alikua noma, 1961 kule Broadway, kwenye majumba ya maigizo ya New York, aliigiza bosi wa kampuni kwenye igizo la nyimbo How to Succeed in Business Without Really Trying, na igizo hilo lilipotolewa filamu 1967 nayo yumo.