Gari la umeme Nairobi: njia za kuchaji, kuanzia bora

Watu hunipigia simu Nissan Leaf ikiwa tayari iko melini kutoka Japani, ndipo waniulize wataichaji wapi. Swali hilo lingetangulia.

Ya kwanza kwangu ni ile inayodharauliwa: soketi ya pini tatu iliyovutiwa waya wake peke yake kutoka kwenye bodi ya breka, yaani swichi zinazokata umeme ukizidi. Hutoa kilowati 2.3 hivi. Chomeka saa nne usiku, chomoa saa kumi na mbili asubuhi, umepata yuniti 18. Anayetoka Rongai kwenda mjini na kurudi hutembea kilomita 50 hivi, na Leaf hula yuniti 9 kwa safari hiyo, hasara ya kuchaji ikiwemo. Tokeni ikihesabiwa shilingi 30 kwa yuniti, ni shilingi 270. Gari la petroli la kilomita 12 kwa lita lingekunywa zaidi ya 700, lita ikiwa 180.

Lakini anayevuta waya huo awe fundi aliyesajiliwa, na ethi, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini, iwe ya kweli. Mwaka wangu wa kwanza nilipitisha ekstensheni dirishani. Asubuhi moja niliikuta plagi imegeuka kahawia, plastiki imelainika kama nta, na chumba kinanuka mpira ulioungua. Watoto walikuwa wamelala mle. Birika huvuta stima dakika tano, gari huvuta saa nane mfululizo. Ekstensheni usiihesabu kuwa njia.

Ya pili ni chaja ya ukutani ya kilowati 7. Inamfaa anayetembea zaidi ya kilomita 100 kwa siku. Kabla ya kulipa, uliza gari lenyewe hupokea kiasi gani: Leaf nyingi za Japani hupokea kilowati 3 tu, hata ukutani uweke 7. Inahitaji waya wa milimita 6 za mraba, na ukiwasha shawa ya stima wakati huohuo breka kuu inaweza kujizima. Mwenye teksi kadhaa aulizie pia bei ya umeme wa magari iliyowekwa mwaka 2023: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na makato mengine.

Vituo vya umma naviweka mwisho. Ni vya safari ya Nakuru, si vya kila siku, maana yuniti huko ni ghali kuliko nyumbani. Betri ya Leaf za miaka ya nyuma haipozwi kwa maji, kwa hiyo ukiichaji haraka mara mbili tatu kwa siku hupata joto na kasi ya kuchaji hushuka. Kagua pia aina ya tundu la kuchajia haraka: Leaf za Japani hutumia CHAdeMO, magari mengi mapya CCS2, na yaliyotengenezewa soko la China GB/T.

Mpangaji wa ghorofa, ongea na mwenye nyumba kwanza kuhusu mita ndogo ya stima pale unapoegesha. Akikataa, usiagize gari bado.