Treni ndogo nzuri sana, lakini walichomfanyia baba yangu sijakimeza

Kama unaenda na mzee wako, usiende. Nimelitanguliza hilo ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nalo.

Nazungumzia lile onyesho la treni ndogo zinazotembea juu ya meza, lililomo ndani ya jengo moja la maduka Dar es Salaam. Jina silitaji. Dada yangu anaishi jirani na pale, ameniomba nisilitaje, nami nimekubali kwa shingo upande. Bei, saa za kufungua na mahali pa kuegesha gari mtajionea wenyewe. Mimi nina jambo moja tu.

Tulitoka Tabora likizo ya shule iliyopita, mimi, wanangu na babu yao. Tabora mpaka Dodoma tulipanda basi, Dodoma mpaka Dar tukapanda mchongoko, ile treni ya umeme ya reli mpya ya kisasa, SGR. Baba ni mstaafu wa reli. Aliingia kazini kabla Shirika la Reli la Afrika Mashariki halijavunjika mwaka 1977, akiwa msaidizi wa dereva kwenye injini za mvuke, akaja kukabidhiwa vichwa vya dizeli na akastaafu akiwa dereva. Njia yake anaijua stesheni kwa stesheni. Mwamshe usiku wa manane atakutajia Saranda, Manyoni, Itigi, Malongwe, Goweko, Igalula, bila kuchanganya.

Ndani ya mchongoko hakusinzia hata kidogo. Alikaa dirishani akitazama nguzo na nyaya zikipita, akawaeleza wajukuu kwamba ule ni umeme wa volti 25,000, unashuka toka juu, unaingia kwenye treni, kisha unarudi kupitia magurudumu na reli. Zamani safari ya Dodoma hadi Dar ilikuwa ya kukesha. Safari hii alifika Dar hata hajamaliza hadithi zake. Sijamwona na furaha ile tangu mama atutoke. Ndiyo maana binti yangu alipoona tangazo la treni ndogo, babu mtu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema twendeni.

Na nitasema haki ya Mungu, aliyejenga kile kitu ana mikono. Nilipoingia nilishika mdomo. Stesheni kuu ya Dar iko pale na kioo chake kilichokatwa kama tanzanite, inawaka kwa ndani. Unapita Pugu, Soga, Ruvu na daraja lake, unafika Morogoro na milima ya Uluguru imetundikiwa mawingu ya pamba, halafu mahandaki ya Kilosa. Pembeni ya reli ya kisasa inakwenda reli ya kati ya zamani, na stesheni zake zenye mapaa ya vigae na miembe mikubwa. Kuna mama ntilie kapanga sufuria zake kwenye jukwaa. Kuna abiria wametoa mikono madirishani wananunua karanga. Kuna daladala imesimama kwenye tambuka reli na konda ananing'inia mlangoni. Kila baada ya muda wanazima taa za ukumbi, inakuwa usiku, madirisha ya mabehewa yanawaka na treni zinaendelea kupita gizani. Mwanangu mdogo alishindwa hata kusema, akawa ananivuta tu gauni.

Baba alikwenda moja kwa moja kwenye reli ya zamani. Akawasomea wajukuu kibao: ujenzi ulianzia Dar mwaka 1905, ukafika Tabora 1912, Kigoma 1914. Akawaonyesha kipande cha Kilosa hadi Gulwe na kuwasimulia yale mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyong'oa reli na kuacha mataruma yanayobeba reli yakining'inia hewani. Alikuwa bado kazini wakati huo. Watu wengine wakaanza kusogea kumsikiliza. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wake alimwuliza kama yeye ndiye mwongozaji wa pale. Alikuwa anafanya bure kazi ambayo hakuna mhudumu aliyekuwa akiifanya.

Na aliona jambo ambalo mimi nisingeliona. Alisema hapa wamekosea, reli ya zamani na ya kisasa zina upana mmoja. Akawaambia watoto kwamba Dar zinaanzia reli za upana wa aina tatu: ile ya kati ni mita moja kamili, ya TAZARA, inayokwenda Zambia, ni milimita 1,067, na hii ya SGR ni 1,435. Ndiyo maana behewa la TAZARA haliwezi tu kuingia reli ya kati likaendelea na safari, na ndiyo maana Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo unahamishwa kutoka behewa hadi behewa. Ukutani wameandika kwamba kila kitu kimepunguzwa mara 87, kipimo kilekile cha Miniatur Wunderland, lile onyesho la treni ndogo la Hamburg, Ujerumani, ambayo picha yake wameibandika mlangoni. Mwanangu mkubwa akapiga hesabu kwenye simu: SGR inatoka milimita 16.5, sawasawa, lakini reli ya zamani ilitakiwa kuwa na milimita 11 na nusu hivi. Babu yake alimshika bega kwa fahari. Kosa lenyewe silihesabu kuwa kubwa, na baba hakulisema kwa kulaumu. Nalitaja ili mjue alikuwa mtu wa namna gani yule waliyekuja kumfokea.

Sasa sikilizeni. Treni ya mchongoko ikafika mdomo wa handaki ikasimama. Umeme haukukatika, taa zote zilikuwa zinawaka na treni nyingine zilikuwa zinatembea. Ikasimama tu, inatetemeka kidogo, inazima, inatetemeka tena. Watoto wakaanza kupiga kelele. Akaja kijana mmoja wa pale, simu mkono mmoja, mkono mwingine kashika ufito, akaisukuma kwa nyuma kwa ule ufito. Ikasogea kama shibiri moja ikasimama. Akaisukuma tena kwa nguvu zaidi. Kichwa kikatoka relini, mabehewa yakalala ubavu.

Baba alikuwa amesimama palepale kwenye kamba. Akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Kijana wangu, usiisukume. Futa reli. Hapo pana uchafu, moto haupiti." Akatoa leso mfukoni amkabidhi.

Yule kijana hakusalimia wala hakuipokea leso. Alisema, "Mzee, rudi nyuma. Utapigwa shoti hapa utuletee kesi."

Baba akajaribu kueleza kwamba yeye alikuwa dereva wa treni. Hakumaliza sentensi. Kijana akamgeuzia mgongo, akanitazama mimi, akasema mbele ya ukumbi mzima: "Dada, mzee wako hasikii? Mwondoe hapa, anatusumbua."

Mzee wako hasikii! Mtu mzima, mwenye mvi kichwa kizima, anazungumziwa juu ya kichwa chake kama mzigo uliosahaulika jukwaani. Na wajukuu zake wamesimama pale, wale ambao tangu Dodoma walikuwa wanamwangalia kama yeye ndiye aliyeitengeneza reli. Mwanangu mdogo akauliza kwa sauti, "Kwani babu si dereva?" Baba akaikunja leso yake, akairudisha mfukoni, akatoka nje akakaa kwenye benchi karibu na lifti. Hakumjibu yule kijana neno lolote. Sisi Tabora, hata kichaa wa sokoni akimkuta mzee barabarani humwamkia kwanza. Sijui wazazi wa huyu walimfundisha nini, na sitaki kuwatukana wazazi wa mtu, lakini nimeumia.

Na hiyo shoti aliyomtishia nayo haipo. Treni za aina hii hutumia umeme mdogo, kama volti 12, sawa na betri ya gari. Zile zinazotumia reli mbili kama hizi hazihitaji betri ndani: reli moja ni chanya, nyingine ni hasi, magurudumu ya chuma yanachukua umeme na kuufikisha kwenye mota. Reli ikishika vumbi, mafuta ya vidole au ule utando mweusi, umeme haupiti na treni inasimama. Ni jambo la kwanza analopaswa kulijua mtu yeyote aliyekabidhiwa chombo kile, tena kwenye mji wa joto na unyevu wa bahari kama Dar. Baba hajawahi kugusa treni ya kuchezea maisha yake yote, lakini alilijua kwa kutazama tu, kwa sababu anaelewa treni. Anayelipwa mshahara kuilinda hakulijua, na alipoambiwa hakutaka kulijua.

Kilichofuata ndicho kilichonimaliza. Yule kijana aliondoka, akaja binti aliyekuwa anakata tiketi. Akaleta kichupa cha spiriti na kitambaa. Akafuta reli pale mdomo wa handaki, akafuta na magurudumu ya kichwa, kitambaa kikatoka cheusi tii. Akarudisha mabehewa relini moja baada ya jingine, kwa utulivu, kama mtu anayependa kazi yake. Treni ikaondoka, ikaingia handakini, ikatokea upande wa pili. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Yaani kilekile alichosema mzee. Kilekile! Na hakuna hata mtu mmoja wa pale aliyetoka nje kumwambia, mzee, ulisema kweli. Wanangu walikimbia kumwita arudi aone. Akawaambia, "Tazameni ninyi, mimi nimeshaona." Nilipotoka kumfuata nikakuta mama wa usafi amemletea maji na kiti chenye mgongo, anamwamkia na kumwuliza habari za Tabora. Mama yule si mfanyakazi wa onyesho, ni wa jengo. Mungu ambariki.

Nilimtafuta msimamizi. Alikuja anatabasamu. Akasema kijana ni mgeni kazini, tumsamehe, na akanipa kikaratasi cha kuingia bure safari nyingine. Nikamwambia sitaki kikaratasi, nataka kijana aje hapa kwenye benchi amwamkie mzee na amwombe radhi, haimchukui hata dakika. Akasema kijana ametoka kwenda kula. Tukangoja. Kijana akapita kwa mbali, akatuona, akakata kona. Msimamizi naye alimwona, akanyamaza. Hapo ndipo nilipojua kwamba tatizo si la kijana peke yake.

Watoto nao wamekuwa wananitia majaribuni tangu turudi. Mkubwa amechora ramani ya reli yake mwenyewe na anataka kujua nyaya zinauzwa wapi Kariakoo. Mdogo kila siku anauliza tutarudi lini kwa treni za usiku. Nikitazama furaha ile naona ningetoa nyota nne bila kusita, hata tano, kwa sababu sijaona Tanzania yetu ikitengenezwa kwa upendo kiasi kile mahali pengine popote. Kama una mtoto anayependa treni sina mdomo wa kukuzuia. Mpeleke. Simama upande wa Kilosa, ndiko kuzuri zaidi, na ngoja taa zizimwe.

Lakini kila nikifika hapo namkumbuka baba anaikunja leso, na nyota zote zinaniondoka. Onyesho zima linahusu kazi ya watu kama yeye. Zile stesheni ndogo alikuwa anasimama kwenye zile zenyewe usiku wa mvua, akingoja gadi ampe taa ya kijani. Walipata bahati dereva wa kweli wa njia ile ameingia kwa tiketi aliyonunua, anawafundisha wageni wao bure, wakamwondoa kama anayezuia njia. Hapana. Nafuta niliyosema hapo juu. Msiende mpaka wajirekebishe.

Naacha nyota mbili, na zote ni za yule binti wa tiketi, naomba mwenye mali asome na amjue. Ampe yeye ule ukumbi auendeshe. Na huyo kijana, kama bado yuko kazini, msimamizi ana namba yangu, niliiandika kwenye daftari lao la wageni siku ileile. Baba yuko hai, ana afya, na simu anapokea mwenyewe. Anasikia vizuri.