MRI ya mguu Upanga: kipimo kizuri, mapokezi bado

Nauza vitenge Kariakoo, Dar es Salaam, huu mwaka wa 19, na kazi ya vitenge ni kusimama. Unakunjua, unampimia mteja kiunoni, unakunja tena, unapanda ngazi kushusha mzigo wa juu, saa 12 kwa siku. Mguu ukiuma, duka limeuma. Ndiyo maana mwezi Novemba nilitoa shilingi 450,000 za mfukoni kwenda kupigwa MRI, yaani picha za ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku, katika kituo kimoja cha vipimo Upanga, na ndiyo maana naandika, kwa sababu kabla ya kutoa hela hiyo nilitafuta maelezo ya mtu wa kawaida aliyepitia kipimo hicho cha mguu nikakosa. Jina la kituo silitaji. Malalamiko yangu nimeyapeleka kwa msimamizi wao ana kwa ana, na yaishie hapo.

Nianze na maumivu yenyewe. Septemba nilijiunga na jogging ya mtaani kwetu Temeke. Wiki ya kwanza tulikimbia kilomita 4, ya nne tukafika 12, na raba nilizovaa zilikuwa za zamani, soli imelala. Maumivu yakaanza juu ya mguu, pale mgongoni mwa unyayo, nyuma ya kidole kinachofuata kidole gumba. Asubuhi naamka vizuri kabisa. Ikifika saa nane mchana ni kama mtu anapigilia msumari, na jioni viatu havifungiki kwa uvimbe. Nasisitiza hilo la asubuhi kwa sababu shoga yangu aliwahi kuumwa kisigino, na yeye hatua za kwanza akishuka kitandani ndizo zilizokuwa zikimliza, kisha akishatembea anapata nafuu. Yangu yalikuwa kinyume. Daktari wa kwanza angeniuliza hilo tu, angekuwa ameshapata nusu ya jibu.

Hakuniuliza. Kwenye zahanati niliyoanzia niliambiwa ni gauti, ule ugonjwa wa viungo. Damu haikuchukuliwa, mguu haukuguswa. Nikaandikiwa vidonge, nikakatazwa nyama, maharage na dagaa. Wiki mbili nakula wali na mchicha na mguu unazidi. Nikaenda kupiga eksirei kwa 25,000, majibu yakaja: mifupa iko safi. Hapo nikachanganyikiwa kweli, maana mtu ukiambiwa mifupa safi na huku huwezi kukanyaga, unaanza kujiuliza kama unajitungia.

Wenzangu sokoni wakasema nenda moja kwa moja ukapige MRI, inaona kila kitu. Nilikwenda, na mapokezi wakanirudisha: lazima niwe na karatasi ya daktari. Nilikasirika siku hiyo. Leo nasema hilo walifanya sawa, tena sawa kabisa.

Daktari wa mifupa niliyeelekezwa (ushauri wake 40,000) alinikalisha, akanivua soksi yeye mwenyewe, akabonyeza kwa dole gumba mfupa mmoja baada ya mwingine. Mguu mmoja, kuanzia kifundo kushuka, una mifupa 26, na alikuwa kama anaihesabu. Alipofika kwenye ule mrefu wa pili nilimshika mkono. Akauliza nimeongeza mbio kwa kasi gani, viatu vina umri gani, hedhi bado naiona au imekata. Nina miaka 47, imeanza kuruka. Akasema anahisi ni ufa wa mfupa unaotokana na kuchoshwa, si kuanguka wala kugongwa. Mfupa hupigwa kidogo kidogo kila siku, na usipopewa muda wa kujikarabati hupasuka taratibu. Zamani uliwashika sana askari wa kwata, na mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, aitwaye Breithaupt aliandika kuhusu wanajeshi waliovimba miguu kwa kutembea safari ndefu. Wakati huo eksirei ilikuwa haijagunduliwa, kwa hiyo aliuona uvimbe tu, mfupa hakuuona.

Na hata eksirei yenyewe hudanganya hapa. Wiki mbili tatu za mwanzo ufa ni mwembamba kama unywele, hauonekani. Baadaye mfupa ukianza kupona hujiotea gamba jipya pembeni, na hilo gamba ndilo eksirei hulikamata. Kwa hiyo daktari alinipa njia mbili. Ya kwanza: nipumzike kana kwamba ufa upo, nirudie eksirei baada ya wiki mbili, 25,000 nyingine basi. Ya pili: MRI, nijue wiki hiyo hiyo. Hakunisukuma. Nikamwambia Desemba ndio mwezi wetu wa kuuza, siwezi kumwajiri mtu wa kusimama badala yangu kwa kubahatisha. Akaandika MRI. Wewe mwenye kazi ya kukaa na uvumilivu wa kusubiri, njia ya kwanza inakufaa na hela yako inabaki.

Sasa kituo. Mapokezi ndipo penye tatizo. Dada aliyekuwa zamu alisoma karatasi, akaniuliza, “Mguu?” Nikajibu, “Mguu.” Akaandika. Kiswahili chetu mguu ni kuanzia pajani hadi ukuchani, na yeye akaingiza kwenye kompyuta kipimo cha mguu wa chini ya goti, yaani muundi. Karatasi ya daktari ilisema wazi, ila mtu aliyepitia mistari haraka na foleni ndefu hakuifuata. Kisha akaniambia inabidi niongeze 150,000 ya dawa ya kuchoma mshipani ili picha iwe nzuri. Nikatoka nje nikampigia daktari. Akasema hapana, kwa anachokitafuta haihitajiki, na kama ingehitajika angetaka kwanza figo zangu zipimwe. Nikarudi nikakataa, na hakuna aliyebisha. Hapo ndipo penye uchungu wangu: mtu asiye na namba ya daktari wake angelipa.

Aliyeniokoa ni kijana wa chumba cha mashine. “Shikamoo mama.” Marahaba. “Mama, kabla hujapanda, nionyeshe panapouma. Kwa kidole kimoja tu.” Nikagusa. Akatazama kompyuta, akatazama mguu wangu, akachukua karatasi ya daktari akaisoma mpaka chini. Akatoka, nikamsikia anaongea mapokezi kwa sauti ya chini, akarudi na oda mpya. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akatoa kwenye kopo kidonge cha mafuta ya samaki, vile vya rangi ya dhahabu vinavyong’aa, akakibandika kwa plasta pale pale nilipogusa. Nikamuuliza ni dawa? Akanieleza kwamba mafuta huwaka meupe kwenye picha, kwa hiyo daktari atakayesoma ataona panapouma bila kukisia. Kidonge cha bei ya chini kabisa katika jengo zima.

Maandalizi aliyafanya kwa makini na bila haraka. MRI ni sumaku, na haizimwi mgonjwa akitoka, inabaki na nguvu zake usiku na mchana. Ya kwao ni ya tesla 1.5 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku), zaidi ya mara 20,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Aliniuliza kama nina kifaa cha moyo, chuma chochote mwilini, kama niliwahi kupasuliwa, kama niliwahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni. Nikatoa hereni, simu, kadi za benki, sidiria yenye waya, na pini tatu za ushungi. Ya nne niliisahau kisogoni, akaiona yeye. Akinamama, mtoe zote nyumbani, mfunge ushungi kwa fundo. Na mvae soksi kwenye mguu usiopimwa, chumba kina baridi kali.

Kwa wanaoogopa kufungiwa: mguu ukipimwa unaingia kwa miguu, kichwa kinabaki nje. Mguu wangu aliuweka ndani ya kitu kama buti gumu la plastiki, akajaza sponji pembeni usicheze, akanivalisha vizuia kelele masikioni na kunipa mpira mdogo wa kubonyeza nikizidiwa. Kelele ipo. Ukipita Gerezani kwa mafundi wa mabati asubuhi wakiwa wote kazini, ndiyo hiyo, inagonga, inakata, inagonga kwa mwendo mwingine. Hakuna maumivu wala mionzi kama ya eksirei. Kazi ni moja tu, kutotikisika, na dakika 35 za kutotikisika ni ndefu. Kikohozi kilinishika katikati, akarudia sehemu ile kwa dakika nne bila kununa.

Ripoti niliahidiwa ndani ya saa 24. Niliipata siku ya tatu, baada ya safari mbili za bajaji, imeandikwa Kiingereza cha kitabibu kitupu, na mapokezi wakanipa bahasha na CD bila neno. Lakini yaliyomo ndani yalikuwa kazi safi. Aliyeisoma alitaja mfupa, sehemu ya mfupa, hali ya mishipa na kano zote jirani, na akajibu swali la daktari kwenye mstari wa kwanza wa hitimisho.

Daktari wangu alinifungulia picha kwenye kompyuta yake. Kuna seti moja ambayo mafuta ya kwenye uboho hufifishwa na maji huachwa yang’ae. Mifupa minne kati ya ile mitano mirefu ya mguu wangu ilikuwa imelala kimya, kijivu cheusi. Wa pili ulikuwa unang’aa kama taa iliyofunikwa na pazia, na katikati ya ule mwanga kamstari kembamba keusi, kameukata mfupa upande mmoja, hakajafika wa pili. Na kwenye seti nyingine, ambayo mafuta hayakufifishwa, juu ya mfupa huo huo, nje ya ngozi, doa dogo jeupe lenye umbo la yai. “Hicho ni kidonge chako,” akasema. Doa na ufa vilikuwa vimekabiliana. Nililia, nakiri. Miezi miwili naambiwa gauti, naambiwa mifupa safi, na sasa naona kwa macho yangu kile nilichokuwa nakisema.

Aliniambia pia kitu ambacho wanaokimbilia MRI wakisikie. Maji ndani ya mfupa peke yake si ugonjwa. Wakimbiaji wasioumwa popote wakipigwa MRI wengine huonekana nayo. Picha ile ilikuwa na maana kwa sababu iliangukia pale pale dole gumba lake lilipobonyeza nikamshika mkono. Na kama maumivu yangu yangekuwa ya kisigino kama ya shoga yangu, asingenipeleka huko kabisa kwa kuanzia, maana yale hutambulika kwa maelezo na kuguswa, na mengi hupoa kwa mazoezi ya kunyoosha unyayo na viatu.

Nilipewa buti la soli ngumu kwa wiki sita, stuli ya kukalia dukani, hakuna jogging, na kipimo cha damu cha vitamini D, ambayo kweli ilikuwa chini. Desemba niliuza nimekaa, mtoto wa dada yangu akipanda ngazi.

Kwa kijana wa mashine na aliyesoma picha, natoa nyota tano. Kwa mapokezi, mbili, na moja kati ya hizo ni kwa kunirudisha ile siku ya kwanza. Bei ni kubwa, na kwa hali yangu ilistahili.

Wiki ya saba nilirudi kwa daktari nikamuuliza kama napaswa kurudia MRI kuhakikisha. Hakujibu kwanza. Akavua soksi, akaweka dole gumba pale pale, akabonyeza kwa nguvu, huku ananitazama usoni. Sikumshika mkono. “Hicho ndicho kipimo chako cha leo,” akasema, nikavaa kiatu nikawahi kufungua duka.