Nairobi hadi New York bila kutua: kikokotoo kilinidanganya

Kabla sijatoka Mombasa niliingia kwenye tovuti moja ya kupimia masafa ya ndege, nikaandika Nairobi na New York. Ikanipa karibu kilomita 11,800, mwendo wa saa 13 na dakika kidogo. Tiketi ilisema saa 15. Nikadhani wenye ndege wamejiwekea akiba ya kuchelewa, nikamwambia shemeji anipokee JFK, uwanja wa ndege wa New York, saa kumi na nusu alfajiri.

Kumbe tovuti ile inapiga mstari mfupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, inagawa kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, basi. Upepo haumo hesabuni. Huko juu unavuma kwa nguvu kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda Marekani ni kwenda mbisho, kuukabili upepo, kama jahazi. Kurudi unakusukuma, tiketi yangu ya kurudi ilikuwa saa 14, njia ile ile.

Safari yenyewe naisifu. Zamani nilipitia Dubai: saa tano hadi huko, kungoja, kisha saa 14 nyingine. Hii ya moja kwa moja, iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018, unapanda mara moja tu, na hakuna kukimbilia lango jingine na mtoto mgongoni.

Ila jiandae kwa usiku. Tuliruka saa tano na nusu, mwezi wa Januari, na kwa kuwa tulikuwa tukielekea magharibi, jua halikutupata. Nililala, nikaamka, nikala, nikalala tena; dirishani giza. Saa yangu ya mkononi, ambayo sikuibadilisha, ilikuwa imeshapita adhuhuri ya Mombasa, nami ndiyo kwanza naswali alfajiri kitini, ndege ikianza kushuka. Miguu ilikuwa imevimba, viatu havikuingia mpaka nikalegeza kamba zote. Vaa ndara.

Tulitua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama tiketi ilivyosema. Ukisoma saa za kuondoka na kufika utaona saa saba tu, maana majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Mama yangu hadi leo anaamini ni saa saba.

Na usihesabu ndege peke yake. Mimi nilitoka nyumbani asubuhi kuwahi treni ya SGR, mwendo wa saa tano au sita hadi Nairobi, nikashinda uwanjani hadi usiku. Foleni ya uhamiaji JFK ilinila zaidi ya saa moja. Mlango hadi mlango, Mombasa mpaka Jersey City, jirani na New York, ilikuwa kama saa 35.

Ndege naipa nyota nne, tovuti moja. Shemeji alinipokea na risiti ya maegesho mkononi, hata salamu hajatoa.