Dopla ya kitovu wiki ya 33: uzoefu wangu

Mimba yangu ya pili, presha ilianza kupanda wiki ya 31. Wiki ya 33 kliniki, mkunga akanipima tumbo kwa futi, akarudia, kimo kikabaki sentimita 29, kidogo kwa wiki zangu. Akaniandikia dopla, yaani ultrasound inayoonyesha damu inavyopita kwenye kitovu, ile kamba inayomuunganisha mtoto na kondo la nyuma.

Kituo cha kwanza walinipaka jeli, wakanisikilizisha mapigo, wakaandika "mtoto yuko hai, amekaa vizuri". Dopla nililipia, lakini kwenye ripoti hakuna namba hata moja ya mtiririko wa damu. Iliniuma sana, maana moyo wa mtoto unaweza kudunda vizuri huku damu yake inapita kwa shida kwenda kwenye kondo la nyuma.

Kituo cha pili ndicho nakisifia. Daktari alitafuta kwanza sehemu ya kitovu inayoelea kwenye maji. Mtoto akawa anachezesha kifua. "Mama, tumsubiri atulie, akihema hivi vipimo vinadanganya." Tulisubiri kama dakika kumi. Kisha ukaja ule mlio, shwaa, shwaa, shwaa, na kwenye skrini vikajipanga vilima kama meno ya msumeno. Akaweka kidole kwenye bonde kati ya kilima na kilima: likibaki juu ya mstari, damu inaendelea kwenda mbele hata moyo ukiwa umepumzika. Likigusa mstari, kondo limezidiwa. Likishuka chini yake, damu inarudi nyuma, na hapo ni hatari kubwa. Mabonde yangu yalikuwa juu ya mstari, ila kidogo tu. Ile namba wanayoiita PI, inayoonyesha damu inapata ugumu kiasi gani kupita, ilisoma 1.42, imezidi kwa wiki zangu.

Nikawa narudia kila wiki, shilingi 45,000 kila safari, na dawa ya presha sikuruka hata siku moja. Wiki ya 37 nikaanzishiwa uchungu. Binti akatoka na kilo 2.2, analia kwa nguvu.

Kama mimba yako haina shida yoyote, usijitafutie gharama. Lakini ukiwa na presha, au umeambiwa mtoto ni mdogo, au una mapacha wa kondo moja, muulize daktari wako. Na kabla hujalipa, uliza dirishani kama PI inaandikwa kwenye ripoti. Hizo karatasi usizitupe: daktari wangu alizitandaza zote mezani, akalinganisha wiki kwa wiki, ndipo akapanga siku ya kujifungua.